Pipa la Maganda na Maksai Aitwaye Diwani

Diwani alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiko langu, miguu imenyooka kama meza iliyopinduliwa, povu likimtoka puani. Ni maksai wa shemeji yangu Eustaki, mdogo wa marehemu mume wangu. Jina alipewa kwa kuwa hula mashamba ya watu wote na halimi mpaka achapwe.

Kando yake pipa langu la bluu, kifuniko chini, maji yamebaki nusu.

"Umemuua," Eustaki alisema. Hakupiga kelele. Akipiga kelele tumemzoea. Akinong'ona ndipo tunaogopa. "Mama Valerian, umemuua ng'ombe wangu kwa madawa yako."

"Si dawa, shemeji. Ni maganda."

Na yalikuwa maganda kweli, ya nanasi, embe na papai, niliyoyabeba kutoka kwa Mwanaheri anayeuza juisi mjini. Bwana shamba alitufundisha mbolea hii ya maji kwenye kikundi cha wakulima: loweka, tia sukari guru kidogo, funika mpaka yachache, chuja. Kopo moja kwenye ndoo ya maji, mwagia maharage yakianza maua. Na yangu yalikuwa yameanza, juu ya matuta tuliyofukia majani.

Lakini nani angemuuliza bwana shamba? Watu walishajaa uani. Kizee, mjane, pipa linalonuka, ng'ombe chini: hesabu hiyo huku kwetu hata mtoto wa chekechea anaijibu. Fransiska, niliyesali naye jumuiya juzi tu, alirudi nyuma mpaka akamkanyaga kuku.

"Akifa," Eustaki akasema, "jua la kesho lisikukute hapa Kasense."

Nikainama, nikanusa pumzi za Diwani. Harufu ile niliishi nayo kwenye ndoa miaka mingi.

"Huyu kalewa."

Hakuna aliyecheka.

"Nusa mwenyewe, shemeji."

"Ninuse sumu?"

Basi nikamwita mkwe wangu. "Rozina, lete kikombe."

Akaleta. "Mama, usinywe."

Nilipochota, mzee Isdori alivua kofia. Nikajua anawaza nini. Babu zetu walisimulia habari za mwavi: mtuhumiwa alinyweshwa, akitapika ni safi, akianguka ni mchawi. Macho yote yalikuwa kwenye magoti yangu. Nikakaa juu ya kinu, maana magoti haya hutetemeka hata bila sumu, na siku ile yasingeaminiwa.

Nikanywa. Kilikuwa kikali, kikapita kooni kama kaa la moto.

Tukangoja. Sikuliogopa pipa, nilimwogopa ng'ombe. Ningeweza kubaki mzima, naye akafa kwa kuvimbiwa tu, na nani angenisikiliza? Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Nzi walimtua jichoni, asipepese.

"Rozina, nipe cha pili."

"Cha pili cha nini?" Eustaki akafoka.

"Cha kwanza kilikuwa cha ushahidi. Hiki cha kiu."

Rozina akacheka huku analia. Peke yake.

Ndipo Diwani akacheua. Mcheuo mrefu, wa mtu aliyekula harusini. Akainua matako, akaanguka. Mtu mmoja akaguna. Akainua tena, akasimama, akayumba, akaangalia huku na huku kama anayetafuta kofia yake, kisha akaenda moja kwa moja pipani. Eustaki alimvuta pembe, uso ameuelekeza chini.

Watu wakapata kazi za ghafla makwao. Fransiska akaja kunishika mkono. Nikampa. Wa kushoto.

Jioni, mimi na Rozina tulikuwa tunamwagilia maharage kwa kilichobaki pipani, Eustaki akatokea kwenye mpaka wa shamba, anakohoa kohoa.

"Shikamoo, shemeji. Na mimi maharage yangu yamedumaa. Unaweza kunigawia kidogo?"

Nikamtazama mikononi. Alikuwa ameshika kikombe.

"Marahaba," nikamwambia. "Mwenye kiu huja na kikombe. Mwenye maharage huja na ndoo."