Kichwa cha Nyati Chini ya Turubai

Mhandisi Ratmini alikuwa amekwisha kusema mpaka ulimi ukaota sugu: katika jaa lile la zamani mtu asichimbe. Chini ya udongo safi lilitandazwa turubai zito la plastiki, na chini ya turubai zilioza taka za mji mzima, zikitoa gesi inayoweza kulipuka. Asubuhi hiyo mkaguzi angekuja. Akikuta turubai ni zima, ujenzi wa hospitali yenye wodi ya figo ungeanza hapo. Akikuta tundu, hakuna kibali, na babake Ratmini, mgonjwa wa figo, angezidi kusafirishwa hadi Surabaya kila juma kusafishwa damu.

Basi Ratmini akasimama mbele ya kirundo cha udongo mbichi kilichopambwa kwa maua ya asmini.

"Pak Kasdi," alimwita kwa heshima msimamizi wa vibarua, "hapa chini kuna nini?"

Pak Kasdi akavua kofia. "Kichwa, Bu," alijibu, akimwita mama kwa heshima.

"Cha nani?"

"Cha nyati, sadaka ya ujenzi. Kwani kuna kingine?"

"Si tulikubaliana kikae kwenye pipa la udongo?"

"Vijana wamegoma, Bu. Wanasema pepo mwenye ardhi hatengewi chakula kwenye pipa kama bata."

"Na turubai?"

"Tumelikata kidogo tu. Kisha mke wangu akalishona. Yule ana mkono, Bu! Mshono hauonekani."

Ratmini akafumba macho. "Ameshona. Kwa sindano."

"Sindano kubwa kabisa."

"Pak Kasdi, kila sindano inapopita, gesi nayo inapita!"

Gari la mkaguzi likaonekana langoni. Pak Kasdi akanong'ona, "Nyamaza tu, Bu. Nani atafukua chakula cha pepo?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini wodi ya figo ingejengwa mahali hapo hapo, na babake angelala juu ya mshono ule.

"Fukueni!"

Hakuna aliyejongea. Ratmini akanyakua jembe. "Ewe mwenye mahali hapa," alifoka, "uniwie radhi. Watu wako hawasikii!"

Mkaguzi alimkuta ametapakaa matope hadi viwikoni, kichwa cha nyati miguuni pake. Akainama, akanusa, akakunja uso. Kibali hakikutoka; aliagiza turubai lichomelewe upya, ndipo aitwe tena.

Ratmini akampigia babake simu.

"Bapak, safari za Surabaya bado zipo."

"Kwani kichwa hakijazikwa?"

"Kilizikwa. Nimekifukua."

Mzee akapaza sauti: "Umempokonya mwenye ardhi tonge mdomoni, halafu unataka mimi nikalale hapo? Mwanangu, bora Surabaya!" Akakata simu.

Ratmini akakitazama kichwa. Kichwa nacho kikamtazama.

"Pak Kasdi, lete pipa."

"Lipi, Bu?"

"Kubwa kuliko yote. Hao vijana wako waambie babangu naye ataka pepo ale. Watakitia kichwa humo na kulijaza udongo wenyewe, na maua juu. Na mkeo, tafadhali, abaki nyumbani na sindano yake."