Mtoto wa Nyumba Mbili

Mogesi hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alitoa ng'ombe akamwoa Robi, kama mila ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo kumwoa mwanamke mwenzake ili amzalie. Robi akamzaa Nyangwine, na hapa Gorong'a kila mtu alijua mtoto ni wa mji wa Mogesi. Alikula kwake, akalala kwake, akamwita bibi.

Ikaja korona. Redio ikasema wazee ndio wanaokufa, na Robi, mwoga kuliko kuku, akaamini kila neno. Akamhamishia mtoto kwenye nyumba yake, ng'ambo ya zizi. Chakula cha Mogesi akawa anakiacha mlangoni na kurudi nyuma.

"Ni kwa ajili yako, mama," alisema.

Mogesi alishinda amekaa akimtazama Nyangwine akicheka mgongoni kwa Robi, na roho ikamuuma. Usingizi ukamkimbia. Akaanza kuongea peke yake. Machoni pake Robi alikuwa mwizi tu, mwizi anayenawa mikono kwa sabuni.

"Ng'ombe nilitoa mimi," alimfokea kutoka upande wa pili wa zizi. "Mtoto wangu unampeleka wapi?"

Robi alilia tu.

Kisha Robi mwenyewe akaanza kukohoa. Alisimama mbali, barakoa usoni, akamsukuma mtoto mbele. "Mchukue, mama. Sina mwingine. Asinikaribie mpaka nipone."

Mogesi alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi kabla hata ya kumpa pole. Lakini Nyangwine alikuja na kilio. Alikataa uji, akakataa kubebwa, akasimama mlangoni akimwita mama yake. Wivu ukampanda Mogesi. Akachuchumaa, akamshika mabega.

"Mama yako hakutaki tena," alimwambia kwa upole. "Ndiyo maana amekufukuza. Anayekutaka ni mimi."

Mtoto akanyamaza. Jioni alikunywa uji, na Mogesi akalala naye usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu redio ianze maneno yake.

Robi alijifukiza majani ya mwarobaini, akapona. Asubuhi moja alikuja bila barakoa, mikono wazi, akimwita mwanawe. Nyangwine alijificha nyuma ya Mogesi, akaking'ang'ania kitenge chake.

"Bado anaogopa ugonjwa," Robi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Anaogopa," Mogesi alijibu. "Mpe muda, mwanangu."

Akambeba mtoto mgongoni, akaingia naye ndani.