Ng'ombe Mmoja na Nusu

Asubuhi ya Jumatano moja, mwaka wa 1994, darasa la pili la shule ya msingi karibu na Chebunyo lilinuka bucha. Mwalimu Beverly Apiyo alifika mlangoni na chaki yake, akapigwa na harufu kabla ya kupigwa na salamu.

Inafaa tueleze kwa heshima zote jinsi elimu ilivyofika hapo. Beverly hakuwa amesomea ualimu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne tu, na asubuhi hiyo inspekta Gekara alikuwa anakuja kumtazama akifundisha. Akiridhika, angemwandikia barua ya kwenda chuo cha ualimu. Asiporidhika, Beverly angerudi Kericho kwa baba yake, mzee Phelix wa kiwanda cha chai, na angefungwa kikapu cha kuchumia majani mgongoni kabla hajafungua sanduku.

Tena kwa asili Beverly alikuwa mtu wa ziwani. Kipsigis chake, lugha ya wenyeji, kiliishia kwenye salamu, kwa hivyo alifundisha kwa Kiswahili. Jana yake alikuwa ametangaza, "Kesho kila mtu alete pembetatu. Kubwa, ndogo, yoyote. Tutazishika kwa mikono!"

Yeye alimaanisha vipande vya katoni vyenye pande tatu. Watoto wa wafugaji walisikia pembe, tena tatu.

Sasa madawati yalijaa pembe za ng'ombe, za mbuzi, na moja iliyopasuka ambayo babu wa mtu alikuwa akiwekea tumbaku. Nyuma ya bucha ya sokoni hapakubaki hata kipande.

"Bembe tatu, mwalimu!" Kipkurui alipaza sauti kwa lafudhi ya kwao, akipunga zake kama mwenye kutawazwa.

Beverly alitaka kulia. Badala yake aliona kondoo dume amesimama katikati ya darasa, mwenye adabu kumshinda Kipkurui.

"Fancy! Huyo anatafuta nini hapa?"

"Mwalimu, mbili ziko kwa kichwa," Fancy alisema, akimshika kondoo shingo. "Baba amekataa tukate. Ya tatu ndiyo hii." Akainua pembe ya mbuzi.

Hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Pikipiki ilinguruma nje, ikazima. Inspekta Gekara aliingia na faili kwapani, akasimama, akavuta pumzi, akajuta kuivuta.

"Mwalimu, hapa ni darasa ama ni bucha?"

"Ni darasa, bwana inspekta." Beverly alijibu. "Leo tuko na pembetatu."

"Naona. Ziko kama mia." Akaketi nyuma, akafungua kalamu. "Endelea."

Beverly alitazama ile kalamu, kisha akatazama zile pembe. Kukimbia kulikuwa mbali sana, mlango ulikuwa upande wa inspekta.

"Haya, Kipkurui, weka pembe zako sakafuni. Ncha ya moja iguse shina la nyingine, mpaka zifunge."

Kipkurui alipanga. Likatokea umbo la ajabu, limevimba kila upande.

"Hii ni duara?" Beverly aliuliza.

"Hapana!"

"Ni pembetatu?"

"Ni pembetatu imelewa!" Fancy alisema, na darasa likaangua kicheko.

"Basi tuinyooshe." Sweta ya Kipkurui ilikuwa inafumuka mkononi, Beverly akavuta uzi wake kidogo, akavuta tena, Kipkurui akizunguka kama pia huku mkono wa sweta ukipanda kuelekea kiwiko. Uzi ukapitishwa kutoka kiungo hadi kiungo, ukakazwa. Ndani ya pembe zile zilizopinda ukatokea mchoro ulionyooka, wenye pande tatu.

"Sasa tuna pembe ngapi?" Beverly aliuliza kwa ushindi.

"Sita!"

"Sita?"

"Tatu za ng'ombe, tatu za sweta," Kipkurui alieleza kwa subira, kama anayezungumza na mgeni.

Nyuma, inspekta alikohoa ndani ya kiganja chake. Kikohozi kilikaa muda mrefu kuliko kawaida ya kikohozi.

"Wewe msichana wa kondoo," alisema alipopona. "Pembe tatu za ng'ombe zimetoka kwa ng'ombe wangapi?"

Beverly alifumba macho. Hesabu za sehemu, nusu na robo, hawakuwa wamezifikia. Sehemu zilikuwa za wiki ijayo.

Fancy aligusa pembe ya kwanza, ya pili, halafu akaishika ya tatu peke yake akiigeuzageuza.

"Mmoja," alisema. "Na nusu."

"Na hiyo nusu nyingine ya ng'ombe iko wapi?"

"Iko kwao, inakula nyasi. Imebaki na pembe moja."

"Na wewe ukiwa na pembe nne?"

"Ng'ombe wawili wazima!" darasa zima liliitikia, na madawati yakapigwa kwa pembe hata mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani ni harusi. Kondoo naye alilia kuunga mkono.

Inspekta Gekara aliandika huku mabega yakimtikisika. Alipomaliza alimpa Beverly karatasi, akatoka upesi kwenda kupumua hewa. Beverly aliisoma akiwa amesimama, pembe mbili kwapani.

"Anafaa. Apelekwe chuo mara moja, kabla mifugo ya wilaya hii haijaishiwa na pembe."