Dakika Hamsini na Tano Angani

Simu ilimkuta mfamasia akifungua stoo ya dawa ya hospitali kuu, saa moja asubuhi. Aliyepiga alikuwa tabibu wa zahanati ya mbali, kule mdogo wake wa kiume alikokuwa mwalimu. Mwalimu ameumwa na nyoka akitoa kuni kwenye jiko la shule, mguu umevimba hadi gotini, na dawa ya sumu hawana hata chupa moja. Anaweza kuhimili mpaka alasiri, tabibu alisema. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Dawa ilikuwa kwenye friji, mbele ya macho yake. Kilichobaki ni njia. Dereva wa hospitali, waliyezoea kumwita Mzee wa Gia, alikuwa keshawasha gari. Kwa barabara ni mwendo wa saa saba; saa nane mchana angekuwa ameshafika.

"Gari halina mabawa, dada," alisema, "lakini mimi nikiondoka nimeondoka."

Mfamasia akapiga simu uwanja wa ndege. Wakamjibu kwamba toka uwanja hadi uwanja ni kilomita mia tatu na arobaini, dakika hamsini na tano angani, na ndege ndogo ya abiria inaruka saa tatu. Kabla ya saa nne itakuwa imetua. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Akamwambia Mzee wa Gia azime gari, akafunga chupa sita kwenye boksi la barafu, akampelekea rubani mwenyewe.

Ndege iliruka kwa wakati, ikafika kwa wakati. Ila mvua ilikuwa imeshawatangulia, na kiwanja cha udongo kimekuwa tope tupu. Rubani alizunguka mara tatu, akawafikiria abiria kumi na wawili nyuma yake, akageuza. Saa tano na nusu boksi lilikuwa mezani kwa mfamasia, barafu haijaanza hata kuyeyuka.

Mzee wa Gia alilichukua bila kuambiwa, akaondoka mbio. Mwalimu alikata roho saa kumi kasorobo, gari likiwa bado njiani.

Jioni ile mfamasia alimvuta mama yake chumbani, akafunga mlango.

"Mama, gari lilikuwa tayari asubuhi. Mimi ndiye niliyesema lizimwe."

Mama alikaa kitandani, akakunja na kukunjua upindo wa khanga yake.

"Mkewe anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Mzigo huu tutaubeba wawili."

Hakumwambia kwamba si kosa lake. Mfamasia alilingoja neno hilo, halikuja.

Msibani, wifi yake alimwangukia kifuani. "Wifi, nimeambiwa ulivyohangaika. Ulituma hadi ndege. Mungu akulipe."

Mfamasia akamshika mabega, akaitikia amina. Mzee wa Gia alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Aliinamisha macho, akaenda kusaidia kupanga viti.