Bakuli Lisilo na Uso

Bakuli alilofinyanga Mitsue lilitoka tanuruni limebonyea shavu moja, mdomo umepinda, majivu ya msonobari yameganda ubavuni kama ukoko wa wali. Mzee Tokusaburo aliligeuza mara moja tu, akainua nyundo.

"Baba, subiri!" Mitsue alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu tangu aolewe na mwanawe miaka kumi na tisa iliyopita. "Mwalimu Orie anakuja kunywa chai mchana. Alinywee kwanza."

"Anywee kituko hiki? Uso wake uko wapi?"

Bakuli la chai lazima liwe na uso, upande uliopendeza kuliko pande zote. Mwenyeji humwelekezea mgeni, naye mgeni hulizungusha kidogo ili midomo yake isiuguse.

"Mwalimu akiuona uso, libaki," mzee alisema. "Asipouona nalivunja, na wewe unarudi kufinyanga vikombe vya kuuza dukani."

Mitsue hakutulia. Alifagia mikeka iliyokwisha kufagiliwa, akachemsha maji mapema mno, yakapoa, akayachemsha tena. Uongo alikuwa ameshaupanga: uso ni upande wa majivu. Nani angebisha?

Mchana alikoroga chai nzito ya kijani, akaliweka bakuli mbele ya mgeni. Mwalimu Orie, bibi aliyefundisha adabu za chai, aliliinua kwa mikono miwili, akalizungusha kidogo, akasita. Akalizungusha tena, mpaka likamaliza mduara mzima.

"Mitsue, we mwanamke, uso umeuficha wapi?"

Uongo ulikuwa ulimini. Lakini alipoviona vidole vya yule bibi vikipapasa lile shavu, aliona haya kulisingizia bakuli lake mwenyewe.

"Sijui, Mwalimu. Nautafuta tangu asubuhi. Nikichagua upande mmoja, mwingine unaniita."

"Basi, yamekwisha," mzee alisema, akijiandaa kuinuka.

"Kaa chini, Toku! Miaka hamsini nazungusha mabakuli yako bila hata kuyatazama, mikono inajua yenyewe. Hili limenitoa jasho."

Akanywa palepale alipofikia, akafuta mdomo wa bakuli, akamsogezea mzee.

Mitsue alitaka kutoka nje, na alitaka kubaki. Uso haukuonekana, na baba mkwe wake hakuwahi kurudi nyuma kwa neno lake. Mzee alilizungusha bakuli. Akalizungusha tena, polepole, kidole gumba kikipanda na kushuka juu ya majivu.

"Kunywa basi, chai inapoa," Mwalimu alimtania.

"Niacheni," mzee alisema bila kuinua macho. "Hata nusu yake sijaiona."