Jina Langu Kwenye Fomu ya Nasimiyu

Nilikuwa nimeshafunga geti nyuma yangu, begi begani, wakati dada yangu Nasimiyu aliniita kwa dirisha. Nikarudi. Alikuwa kwenye kiti chake, mguu wa kushoto juu ya stuli, na bandeji niliyombadilishia asubuhi hiyo.

"Joash, usimwambie Samsam umeenda," akasema. "Wacha jina likae."

Nikamuuliza jina litakaaje na mwenyewe hayuko. Akasema hiyo si mara ya kwanza mimi kuwa jina tu. Tukacheka wote wawili, nikatoka mtaani kwetu, Section 58, nikaenda Ndabibi, kwa mkulima mmoja wa vitunguu aliyetaka mtu wa kulinda pampu ya maji.

Jina lenyewe liliandikwa hivi. Zamani watu wa serikali walikuja kwa dada kila mmoja na siku yake. Nesi wa dispensari anasafisha kidonda, anaenda. Afisa wa ustawi wa jamii anauliza habari ya chakula na choo, anaenda. Hakuna aliyejua mwenzake amesema nini. Dada alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alikuwa amechoka kueleza mguu mmoja kwa watu watatu. Mwaka jana wakaamua kufanya kazi pamoja. Wakaja siku moja: yule nesi, kijana mpole aitwaye Kosgei; afisa wa ustawi; na Samsam, mama wa mtaa wetu anayezunguka nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya. Wakanywa chai, wakatoa fomu moja ya kila kitu. Lilikuwa jambo zuri, na mpaka leo nasema hivyo.

Kosgei akauliza dada anaishi na nani. Binti yake Fancy ameolewa Dundori, ana ng'ombe na watoto, anashuka mara moja kwa mwezi. Kosgei akaeleza: kama dada hana mtu, Samsam atakuja mara tatu kwa wiki kutazama mguu, na ustawi watatafuta mtu wa kumpikia na kumfulia. Kama ana mtu, huyo mtu atafundishwa kutazama kidonda, dispensari itampigia simu kila Alhamisi, na Samsam atapita mara moja kwa mwezi.

Mimi nilikuwa na wiki mbili tu tangu nitoke Baringo kuchimba visima. Dada aliangalia kikombe. Sasa, kwetu, mwanamke aliyelea wadogo wake watano haandikwi kwamba hana mtu, mbele ya jirani, na ndugu yake ameketi hapo anakunywa chai. Nikasema waandike mimi.

Samsam akanigeukia. "Wewe, mzee? Wewe ukitumwa maziwa tunakungoja mwezi."

"Andika," nikarudia.

Dada akainua uso, akaniongezea chai bila kuombwa. Sikuwa nimemwona na furaha kama hiyo tangu tumzike mumewe.

Nilikaa wiki tisa. Kwangu hizo ni nyingi. Nilijifunza kufungua bandeji, kunusa, kutazama nyama na kingo za kidonda. Kikaanza kupungua, na mimi nikaanza kuamka asubuhi nikiangalia barabara. Ndivyo nilivyo, sina maelezo mengine.

Alhamisi ya kwanza huko Ndabibi, saa nne, Kosgei akapiga. Nikazima injini ya pampu asiisikie. Akauliza mguu, nikasema uko sawa. Halafu nikampigia dada, na yeye akasema uko sawa, kwa hivyo nikajiambia sijadanganya mtu. Zikapita Alhamisi nyingine mbili hivyo hivyo. Ya nne akauliza kama mguu unamuuma. Nikajibu kwa furaha kwamba hauumi hata kidogo, kwa sababu dada ndivyo alivyoniambia.

"Mzee, mtu wa sukari asipohisi maumivu mimi ndipo naogopa," Kosgei akasema. "Umeufungua leo?"

"Nimeufungua."

"Nyama ni rangi gani?"

Hapo ndipo ningesema. Yalikuwa maneno machache: mimi niko Ndabibi, mtume Samsam. Samsam angefika kwa dakika kumi kwa miguu. Lakini nikamwona dada ameketi pale, na Samsam anafuta jina langu, anaandika hana mtu. Na aibu yangu mwenyewe pia, sitaificha nyuma ya dada.

"Nyekundu," nikasema. "Safi kabisa."

Akasema asante, mzee, unafanya kazi nzuri.

Siku sita baadaye Samsam alipita kwa zamu yake ya mwezi. Alisikia harufu kabla hajafunguliwa mlango. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimegeuka vyeusi. Akatafuta gari, akampeleka dada hospitali, ndipo akanipigia kuuliza niko wapi. Nikamwambia. Nilingoja matusi, hayakuja.

"Ungesema tu, mzee," akasema. "Hiyo fomu hubadilishwa kwa kalamu."

Walimkata mguu chini ya goti kesho yake. Nilipofika wodini alikuwa ameamka. Muuguzi akauliza mimi ni nani, na dada akamjibu kabla yangu.

"Huyu ni ndugu yangu. Ndiye ninakaa na yeye."

Nikamtajia muuguzi jina langu.

Fancy alimchukua Dundori. Nasimiyu aliishi huko miezi saba, akafa Aprili, kwa kidonda cha mguu wa pili. Nilienda mazishi. Fancy alinipa kiti na chakula, hakunipa neno. Kosgei alihamishwa Molo. Samsam bado anazunguka nyumba zake, na nikimpigia hushika simu. Nyumba ya Section 58 ina wapangaji. Kule Ndabibi nilimaliza msimu. Sasa niko Gilgil, nalinda stoo ya chakula cha kuku, na huu ni mwezi wangu wa tatu hapa.