Kabla ya Soda

Saa nne kasoro robo asubuhi, miguu ya mkataji iliacha kumbeba. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza ubavuni mwa meza ya kukatia mpaka akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa cha sare, macho wazi, akili timamu. Mashine ya kukatia, yenye kisu cha umeme, alikuwa ameizima kabla hajafika chini.

Wiki iliyotangulia msimamizi wa karakana alimwonya kwamba akianguka tena karibu na kile kisu, meza atapewa mwingine.

Karakana nzima ilijua kuwa ana kisukari. Kwa hiyo kila miguu ilipomwishia, wifi yake, mshona vifungo, alidhani sukari imeshuka, akakimbilia kibandani kununua soda. Mara ya mwisho wawili walimshika mabega, wifi akamnywesha. Baada ya muda miguu ilirudi yenyewe, na soda ikasifiwa. Mchana, kliniki, sukari yake ilikutwa juu. Daktari akasema ndiyo iliyolegeza miguu, afuate masharti. Alipoeleza kwamba iliyopandisha sukari ni soda, na kwamba soda ilikuja baada ya miguu, daktari alisema basi huenda ni mawazo. Mkataji alimjibu kwamba mawazo anayo, na alikuwa nayo hata miguu ilipokuwa inatembea.

Safari hii soda ilipofika, alifunga mdomo.

"Wifi, fungua."

"Pima kwanza," alisema bila kuachanisha meno.

"Mtu amelala chini kama gunia, anataka vipimo. Kufa kwa ubishi ni kufa vilevile, wifi yangu."

"Gunia halikatai. Mimi nakataa."

Akatoa kipima sukari mfukoni mwa aproni, akamnyooshea msimamizi pamoja na kidole chake. Angeweza kujitoboa mwenyewe, lakini aliyekuwa na uamuzi ni msimamizi, na alitaka aione namba kwa macho yake. Msimamizi alishika kisindano kama mtu aliyepewa nyoka.

"Kutuchoma kwa maneno kila siku huchoki," mpiga pasi alimwambia. "Leo tone moja tu la damu, bosi?"

Akatoboa. Walisubiri. Sita nukta mbili.

"Hiyo ni mbaya?" aliuliza msimamizi.

"Pengine ni nzuri kuliko yako."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mpiga pasi. Wifi alitazama namba, akatazama chupa aliyokwisha kuifungua, akainywa mwenyewe.

"Kama si sukari, ni nini?"

"Sijui. Daktari naye hajui, ila yeye bado hajasema."

Msimamizi alipangusa mikono kwenye suruali. Alisema hana ubaya naye, lakini hawezi kumweka mtu kwenye kisu akiwa na ugonjwa usio na jina.

"Sukari ina jina," alisema mkataji, "na kwa jina hilo mmenitia soda mwaka mzima. Niulize kuhusu kisu. Mashine niliizima au sikuizima?"

Msimamizi aligeuka kuangalia swichi. "Umeizima."

"Na mara zile nyingine?"

Wifi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kwamba kila alipofika na soda aliikuta imezimwa.

Mkataji aliwaeleza bila haraka. Magoti hupata ubaridi kwanza, kisha hulegea, na katikati yake upo muda wa kufikia swichi. Alichohitaji ni kiti kirefu chenye mgongo, ili miguu ikiondoka, mwili ubaki. Msimamizi alisema mkataji hukata akitembea kando ya meza. Akajibiwa kwamba kiti kina miguu minne na chenyewe hakijawahi kuugua, kitasogezwa.

Miguu iliporudi, alisimama kwa kushika ukingo wa meza na kukataa mikono yote iliyonyooshwa. Wifi alileta kiti cha mpokea wageni, ambaye alilalamika kutoka mlangoni na hakusikilizwa. Mkataji alikaa, akapanga upya tabaka za kitambaa, akawasha mashine na kufuata mstari wa chaki wa mkono wa shati.

Msimamizi alibaki amesimama kando yake, kidole karibu na swichi.

"Bosi, unanizibia mwanga."

Akasogea.